Faili Haijapotea, Simu Yako Ndiyo Imetoka Nyumbani

Wacha niseme kitu itakayoudhi watu wengine hapa. Simu ikikuambia "faili haipatikani", usiiamini. Na usimwamini mtu wa kwanza anayekuja na jina la aliyeifuta. Mimi niliamini vyote viwili siku moja, hapa Olympic, na nilikaribia kuzika sauti ya shosho wa wenyewe kabla yeye mwenyewe hajazikwa.

Mnajua base yetu. Chumba kimoja si mbali na stage, ngazi za mabati, ukishuka unakutana na mama wa chapati. Tunapiga harusi, matanga, mechi za mtaa, na kontenti yetu wenyewe wiki zisizo na mteja. Tuko wanne na Dogo, ambaye ni wa tano lakini hatukuwa tunamhesabu, na hiyo nitairudia.

Mwaka jana familia moja ilituita tumrekodi shosho wao. Kwao wanamwita dani. Aliuza omena miaka mingi, akakaa mbele ya kamera masaa mawili akituambia Kibera ilivyokuwa alipofika, njia za miguu zilikuwa wapi, nani alimkopesha karai ya kwanza. Katikati akaanza kuimba. Hakuna mtu alimwambia aimbe. Tulilipwa kidogo, tukaweka faili, tukaendelea na maisha.

Mwezi huu akafariki. Familia ikasema basi la kuenda Siaya linatoka Alhamisi jioni na wanataka video fupi ya kuonyesha kwenye matanga. Wakalipa nusu kwa M-Pesa hapo hapo. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Sasa nieleze mafaili yetu yanakaa wapi, kwa sababu watu wa "si muweke tu Google Drive" najua mko njiani kwenda kwa komenti. Akaunti ya Google ya bure ni 15GB. Harusi moja ya Jumamosi inapita hiyo kabla keki haijakatwa. WhatsApp nayo inafinya video mpaka bibi harusi anakaa kama ametengenezwa na matofali. Na kupandisha 40GB kwa data ya simu halafu kuishusha tena kwa simu nyingine ni kodi ya nyumba ya mtu. Kwa hivyo tuna Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayotoshea kwa kiganja, tuliinunua ikiwa imetumika. Haina skrini wala kibodi. Imechomekwa diski ya 1TB, iko kwa rauta, inafanya kazi Linux, na ndani yake kuna Samba, programu ya bure inayofanya mashine ya Linux iongee SMB, ile lugha Windows hutumia kugawa folda kwa wengine. Simu zetu zinaingia kwa wifi, zinafungua folda inayoitwa KAZI, basi. Kwenye TV kuna kale kaboksi ka Android, nako kanafungua folda hiyo hiyo kupitia VLC. Hakuna anayelipa data kuangalia kitu kiko mita mbili kutoka alipokaa. Mimi bado naona huo ndio mpango wenye akili zaidi tumewahi kufanya.

Jumatano asubuhi nikafungua KAZI kwa simu. Tupu. Nikafunga nikafungua. Programu moja inasema hakuna kitu hapa, nyingine inasema faili haipatikani, ya tatu inazungusha tu kile kiduara. Nikamwambia mwenzangu ajaribu na yake. Tupu. Wa tatu, tupu. Simu tatu zikisema kitu kimoja unaona huo ni ushahidi, si ndiyo?

Aliyefunga base Jumanne usiku alikuwa Dogo.

Dogo ana miaka kumi na saba. Anabeba taa, anakunja nyaya, anafagia, na usiku akipewa nafasi anajifunza kuediti. Nilimpigia simu na swali langu la kwanza halikuwa "uliona nini jana". Lilikuwa "ulifuta nini". Akasema hakugusa. Nikamwambia asinidanganye. Mmoja wetu akasema mama yake atalipa, kwa sauti kubwa, Dogo akiwa bado kwa laini. Dogo akakata.

Maze, sitaki kuifanya hii iwe ndogo. Mtaani ukisema mtu ameiba au ameharibu, hiyo habari inafika kwao kabla yeye hajafika.

Tukachomoa diski tukaipeleka saiba, tukijiambia labda kuna namna ya kurudisha. Fundi akaichomeka kwa mashine yake ya Windows, na Windows ikasema lazima diski ifomatiwe kabla ya kutumika. Fundi akatuangalia kama daktari. "Imeenda. Lakini naweza fomati halafu nijaribu kutoa data. Elfu moja mia tano."

Hatukuwa nayo. Ile nusu ya familia ilikuwa imelipa kodi ya base. Ni umaskini pekee uliookoa ile diski, nawaambia ukweli. Kwa sababu diski haikuwa na shida hata kidogo. Ilikuwa imefomatiwa kwa mtindo wa Linux unaoitwa ext4, na Windows yenyewe haisomi ext4. Ikikutana na kitu haielewi haisemi "sielewi". Inasema "nifute?" Ni kama mtu asiyejua kusoma Kiarabu anashika kitabu anasema hakina maneno, tukichome. Na fundi, ambaye ni mtu mzuri na amenitengenezea chaji mara nyingi, alisoma tu kilichoandikwa kwa skrini. Hatukumwambia diski imetoka kwa mashine gani. Hakutuuliza.

Tukarudi base tumenyamaza. Nikairudisha diski mahali pake kwa sababu sikujua pengine pa kuiweka, nikazima Pi nikaiwasha. Mwenzangu alikuwa anaandika ujumbe wa kuambia familia. Ameandika "tunasikitika" na kufuta kama mara sita.

Mtoto wa jirani huingiaga kuangalia katuni tukiwa tumeacha mlango wazi. Akaingia, akawasha TV, akabonyeza bonyeza ile rimoti anavyojua yeye. Na dani akaanza kuimba.

Sijui niwaelezeje. Wote tuligeuka. Dani yuko kwa TV, leso ya kijani, anaimba, na simu yangu mkononi inasema faili haipatikani.

Hapo ndipo akili ilirudi. Boksi inaona, simu hazioni. Kwa hivyo diski iko sawa, Pi iko sawa, Samba iko sawa, wifi yenyewe iko sawa. Tofauti ya boksi na simu ni nini? Zote ni Android. Zote ziko kwa wifi moja. Lakini boksi haina laini ya simu.

Kumbe ilikuwa hivi. Intaneti ya base tunailipia kwa mwezi, na mwezi uliisha Jumanne usiku wa manane, na hatukuwa tumechanga. Rauta ikabaki inawaka, wifi inaonekana, lakini nje hakuna. Sasa Android ikijiunga na wifi huwa inajaribu kama kuna intaneti upande wa pili. Isipoipata, inaamua hii wifi haifai, na kama data ya simu imewashwa, inapitisha mambo yako huko. Ile alama ya wifi inaweza kubaki pale juu, saa zingine na alama ndogo ya mshangao, na wewe unaiona unajua uko ndani. Hauko ndani. Simu yako imetoka nje ya nyumba inasimama kwa barabara.

Na anwani ya Pi yetu inaanza na 192.168. Hizo anwani ni za ndani ya nyumba tu. Ni kama vile sisi hupeana maelekezo: ingia pale kwa mama wa chapati, panda ngazi, mlango wa bluu. Ukiwa kwa ploti yetu, unafika. Ukisimama Kawangware stage ya 46 uulize mlango wa bluu uko wapi, utaonyeshwa milango hamsini au uambiwe hakuna kitu kama hicho. Simu zetu tatu zilikuwa zinauliza mlango wa bluu kwa mtandao wa simu wa nchi nzima. Zilijibiwa kwa haki: hakuna.

Nilizima data kwa simu yangu. Sekunde tano. KAZI ikajaa.

Kulikuwa na ujumbe pia, mwenzangu akakumbuka. Asubuhi simu ilimuuliza kama anataka kubaki kwa wifi isiyo na intaneti, akabonyeza hapana, kwa sababu nani anataka wifi isiyo na intaneti? Jibu ni sisi. Sisi tunaitaka. Mafaili yetu hayako kwa intaneti. Lakini aliyeandika hilo swali hakufikiria kuna mtu duniani anatumia wifi kwa kitu kingine.

Na hapa ndipo ninapobishana na wale wanaosema "mambo ya teknolojia ni kuriseti tu". Kuriseti si kupima. Ukizima na kuwasha kila kitu pamoja, hata ikipona hujui ilikuwa nini, na kesho itarudi. Swali la kwanza ni nani anaona na nani haoni, halafu unaangalia hao wawili wanatofautiana wapi. Simu tatu zinazofanana zote zikisema hapana, hiyo si ushahidi mara tatu, ni shahidi mmoja amevaa shati tatu. Tungewasha TV saa mbili asubuhi hakuna mtu angepigiwa simu ya matusi.

Kuna shida ya pili ilitupata jioni hiyo hiyo, na hii itawasaidia wengi mnaoediti kwa simu. Folda inaonekana, video inacheza vizuri kwa VLC moja kwa moja kutoka kwa Pi. Lakini ukifungua programu ya kuediti utafute hiyo video, haipo. Tena! Mwenzangu akaanza kuapa. Hapa hakuna kitu kimeharibika, ni vile Android imejengwa. VLC ina uwezo wake wa ndani wa kuongea SMB, inaenda kubisha kwa Pi yenyewe. Programu nyingi za kuediti hazina. Zinataka faili iliyo ndani ya simu, na Android haifanyi folda ya mtandao ionekane kama folda ya simu, hiyo ingetaka uwe na mamlaka ya ndani kabisa ambayo simu ya kawaida haikupi. Tangu Android 4.4 ya 2013 kuna mlango wa katikati, programu moja inaweza kuiomba nyingine iipe faili, lakini inayopewa ni kama kikaratasi cha kuonyesha mlinzi, si njia kamili ya kufika. Programu ikikataa vikaratasi, umekwama. Na Android 11 ya 2020 ikakaza zaidi, programu mpya hazizururi tena kwa folda za wengine.

Mimi naunga mkono kukaza. Kabla ya hapo ulikuwa ukiruhusu programu ya tochi kusoma mafaili inasoma picha zako zote, na watu wa mtaa wetu wamewahi kutishwa na picha zao wenyewe. Ninachokataa ni jumbe za uongo. Kama huna ruhusa, sema huna ruhusa. Kama huijui hii lugha, sema huijui. "Haipatikani" inamfanya mtu atafute mwizi.

Tulichofanya ni kunakili faili kwanza kuingia kwa simu, halafu kuediti. Hata hapo ikagoma, ikafika 4GB ikasimama. Mahojiano ya dani ni faili moja ya zaidi ya 6GB, na mwenzangu alikuwa anainakili kwa memori kadi ya 32GB ambayo, kama nyingi za saizi hiyo, imefomatiwa FAT32, na FAT32 haikubali faili moja kupita 4GB hata kadi ikiwa tupu. Nikafuta michezo yangu yote kwa simu, tukaiweka ndani. Pole kwa waliokuwa wananingoja mtandaoni.

Binamu yangu ananiambia hii si ya Android peke yake. Alifanya kazi kwa godauni fulani Industrial Area, wana zile skana za mkononi za Windows CE, kama bastola. Programu yao ilikuwa imeandikwa na mtu wa kompyuta za mezani, inatafuta orodha ya bidhaa kwa drive yenye herufi. Windows CE haikuwa na herufi za drive kabisa. Lazima uandike jina la seva na folda kamili, na mtumiaji ambaye seva inamjua. Wiki nzima wakabadilisha betri za skana. Betri! Microsoft ilifunga msaada wa toleo la mwisho la hiyo familia mwaka 2023, na mashine bado zinafanya kazi, kwa hivyo kuna mtu mahali fulani anabadilisha betri leo.

Na wacha nivuke barabara kidogo. Mnakumbuka 2017, kila mtu mtaani alikuwa anasema "fungua seva". Mimi nilikuwa mtoto na nilikuwa naimba tu. Nimerudi kusoma baadaye. Vifaa vya KIEMS vilikuwa ni hicho hicho tunachoongea, kifaa kidogo cha mkononi kinachotakiwa kupeleka namba na picha ya Fomu 34A kwa seva ya mbali. Vituo vya kupigia kura vilikuwa 40,883, na tume yenyewe ilisema zaidi ya 11,000 viko mahali hakuna mtandao wa 3G. Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais 1 Septemba, na moja ya mambo mazito ilikuwa vile matokeo yalitumwa na vile seva hazikufunguliwa ilivyoagizwa. Sisemi nani alishinda, msinitumie hasira. Nasema kulikuwa na sehemu tatu za kuangalia, yaani kifaa, njia na ghala, na nchi nzima tuligombana kuhusu ghala bila wengi wetu kujua hizo nyingine mbili zipo. Mwaka 2022 fomu za vituo vyote 46,229 zikawekwa mahali wazi, kila mtu na simu yake akaanza kuzishusha na kujumlisha. Ugomvi haukuisha, lakini angalau watu waligombana wakiwa na faili mkononi.

Ndiyo maana naudhika mtu akisema hizi ni stori za mafundi. Faili ni nani anaweza kuifikia.

Na Nairobi tumewahi kujua hii. BRCK ilizaliwa hapa 2013, na watu wa Ushahidi, kisanduku cheusi cha kuunganisha mtandao mahali stima na intaneti hukatika. Baadaye wakatengeneza Kio Kit, sanduku la tableti 40 za shule na masomo ndani yake. Halafu wakaweka visanduku kwa matatu, wifi ya Moja, na video zikiwa zimehifadhiwa ndani ya hicho kisanduku kwa gari, kwa hivyo unaangalia bila kuivuta kutoka ng'ambo. Hiyo ni akili ya kwetu. Faili ikae karibu na anayeitumia. Na hapa hapa Kibera, kabla ya 2009 ukiangalia ramani tulikuwa pengo tupu, mpaka vijana wa Map Kibera wakatembea na vifaa vidogo vya GPS wakatuchora. Hawakungoja mtu.

Sasa naona vijana wenzangu, kila kitu chao kiko kwa seva ambayo hawajui iko nchi gani, na siku hakuna data hawana hata picha ya mama yao. Sisemi mtupe wingu. Nakala moja ya kazi ya dani sasa iko huko pia, kwa sababu base inaweza kuungua, na tunajua moto wa huku. Lakini ya kwanza iko Olympic.

Jambo moja kabla nisahau, kwa wale mtaenda kujenga yenu leo usiku. Mtapata video nyingi zinazosema boksi yako ikikataa kuona folda, washa SMB1. Usiwashe. Hiyo ndiyo lugha ya zamani ambayo kirusi cha WannaCry kilipitia Mei 2017, kikafunga hata hospitali za Uingereza, na Windows ikaanza kuja ikiwa imezimwa mwaka huo huo. Kama boksi haijui SMB2, weka programu mpya kwa boksi. Na msiache folda bila nenosiri ati kwa sababu ni ya kwetu tu. Windows 11 Pro ya 24H2 yenyewe imeanza kukataa wageni wasio na nenosiri, kwa hivyo utapata laptopu mpya ya mteja haifungui folda na ya zamani inafungua, na utaanza kutafuta nani amefuta. Ipe Pi yako anwani isiyobadilika kwa rauta pia. Yetu iliwahi kubadilika baada ya stima kupotea na tukalaumu upepo.

Alhamisi saa kumi na moja jioni tulimkabidhi mjukuu wa dani flashi, na nyingine ya akiba, dakika arobaini kabla ya basi. Video ni dakika tisa. Sehemu ya kuimba hatukuikata.

Dogo hakuja siku hiyo. Nilienda kwao Ijumaa. Mama yake alinifungulia, nikasema shikamoo mama, akaitikia bila kunikaribisha ndani, akaniuliza kama nimekuja kuchukua ile pesa. Nilimwambia hakuna pesa, na kwamba mwanawe hakufanya kitu, ni mimi. Akasema niseme hivyo kwa sauti ambayo jirani atasikia, kwa sababu ile ya kwanza jirani alisikia. Nikasema kwa sauti.

Dogo alirudi baada ya wiki mbili. Tumemuweka kwa hesabu, sasa mgao ni wa watu watano. Anaediti vizuri kuliko mmoja wetu, sitasema nani. Lakini kila usiku akifunga base, anasimama mbele ya TV, anafungua KAZI, anaipiga picha na simu yake ikionyesha saa, halafu anazima taa. Nimemwambia haina haja. Anasema sawa, na anapiga.